Ng'ombe Hana Meno ya Juu

Kiti nilikikuta kwa kinyozi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na matroni wetu huziona nywele kabla hajakuona wewe mwenyewe, kwa hiyo nikaingia saluni moja mpya pale mjini, mtaa wa Somanda, ile iliyochorwa ukutani kichwa cha kijana mwenye shingo ndefu kuliko ya twiga. Ndani kulikuwa na kioo, feni, redio inayokoroma, na katikati, kikiwa kimetandikwa taulo la bluu, kiti cha kijani chenye mguu mmoja mnene wa chuma. Nikagoma mlangoni. Nilikijua kwa mkono wake wa kulia. Ngozi imechunika, sponji inachungulia kama mkate ulioumwa na panya. Sehemu kubwa ya ule mchuniko niliifanya mimi, kwa kucha zangu.

"Karibu dada, kaa," kinyozi akasema. "Kiti cha Ulaya hicho. Nilikipata kwenye mnada wa vitu chakavu. Kinalala tu, kusimama wima hakiwezi, lakini wateja wanakipenda, wanasinzia."

"Najua hakisimami," nikamwambia. "Mimi na hicho kiti tumeshalia pamoja."

Akacheka. Hiyo ndiyo shida ya maisha yangu, hata nikisema kweli watu wanacheka. Nina miaka kumi na tisa, nipo kidato cha sita, na najua mtu wa umri wangu hana kumbukumbu, ana stori za juzi tu. Ila kuna mwaka mmoja ambao, nikiugusa, najisikia kama mstaafu anayesubiri pensheni. Wazee wakiandika maisha yao wanaanza na nani alimzaa nani, na mpaka wafike kwenye jambo lenyewe msomaji naye ameshapata wajukuu. Mimi nayaruka hayo. Inatosha ujue naitwa Minza, kwetu ni Nkololo, tunalima pamba, na mtu pekee aliyewahi kunishinda kwa utani ni bibi yangu, Bibi Holo. Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa kidato cha tatu.

Nilikuwa nimepangishiwa chumba cha uani kwa Mama Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu aliyetoka Tabora zamani, anauza vitenge na masufuria karibu na stendi. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta. Kuta zenyewe hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa tunaishi masikioni mwa wenzetu. Nilijua nani kanuniwa na nani kapikiwa. Ijumaa harufu ya pilau ya Mama Zuhura iliruka ukuta kabla ya sahani yenyewe kuletwa, na siku nyingine tulikula ugali na dagaa, tukimaliza ninatoa mfuko wa matobolwa ya bibi: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama soli. Unatafuna taratibu na karanga, na chai ya rangi pembeni. Bibi alikuwa ananitumia mfuko mzima kwa boda wa kijijini kila viazi vikikauka, na ujumbe ni ule ule: shiba, usituaibishe.

Jioni moja nilikuwa nawaigizia Mama Zuhura na binti yake Zuhura jinsi mkuu wetu wa shule anavyohutubia mstarini. Mkuu ana tabia ya kusema "jambo la msingi" halafu anasahau jambo. Nilikuwa nimefika pale anaposahau, nimetoa tumbo mbele, wenyewe wameshikana mabega kwa kucheka, nikaona nikoleze kwa kung'ata kipande cha matobolwa kama mtu mwenye mamlaka. Kikalia: kah! Nikadhani ni kiazi. Bibi huanika viazi vyake juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, kama wanavyofanya wote kule, na siku hiyo kokoto moja ilikuwa imeamua kusafiri na viazi kuja mjini. Jino langu la mbele, la juu, lile linalofika kwanza popote ninapoingia, lilikuwa limepata ufa wa kusimama, na kipande cha ncha yake kilikuwa kiganjani mwangu. Zuhura bado alikuwa anacheka. Alidhani ni sehemu ya igizo.

Mwanzoni halikuuma sana. Nikajifunza kunywa maji kwa upande na kucheka kwa mkono mdomoni. Halafu baada ya majuma kadhaa likaamka. Sijui nikueleze vipi maumivu ya jino kwa mtu ambaye hajawahi kuyapata, na kwa aliyewahi kuyapata sina haja ya kumweleza. Mama Zuhura alinipa karafuu nibane, akanipa maji ya chumvi nisukutue, jirani akaleta majani ambayo hata mbuzi wao walikuwa wameyakataa. Fizi ikavimba, mdomo wa juu ukatangulia mbele kama unataka kusema siri. Nikanyamaza. Mimi, ambaye walimu walishanihamisha madawati yote ya darasa wakitafuta mahali nitakapokosa wa kuongea naye, nikawa nakaa kimya kutwa nzima. Mwalimu wa zamu akanisimamisha mbele ya wenzangu na kunisifu. "Mwangalieni Minza. Mtu akiamua kubadilika, anabadilika." Nikapigiwa makofi. Nilipewa sifa ya utulivu kwa sababu ya jipu.

Nilipompigia bibi, Mama Zuhura aliweka simu sauti kubwa, kwa hiyo uani wote walikuwepo kikaoni.

"Bibi, jino la mbele linakufa."

"La juu au la chini?"

"La juu."

"Aah, la juu!" Nikamsikia anashusha pumzi kana kwamba nimemwambia nimepoteza kandambili. "Ng'ombe hana meno ya juu mbele, na ananenepa. Ukimpeleka mnadani mnunuzi anafunua mdomo anahesabu ya chini tu. Likikusumbua, walitoe."

Uani wakacheka mpaka kuku wakahama. Na ni kweli, nenda kafunue mdomo wa ng'ombe yeyote, mbele juu kuna fizi tupu. Kwetu mtu anajua meno ya ng'ombe kuliko ya mkewe.

"Ng'ombe haongei, bibi," nikasema.

"Ndiyo maana ana amani," akajibu, akakata simu.

Usiku ule, kupitia ule ukuta usiofika juu, nikamsikia Mama Zuhura akiongea na jirani aliyekuja kuazima jiko. Hakuwa anacheka tena. "La kwangu walilitoa nikiwa msichana kama huyu. Niliambiwa hakuna dawa nyingine. Nilicheka kwa kujifunika khanga mpaka naolewa, mume wangu alikuja kuliona pengo tumeshazaa." Jirani akasema na yeye la kwake hivyo hivyo. Wakaanza kutajana, fulani, na fulani, na mama nanii wa kule juu. Nikalala chali nikiwasikiliza, ulimi wangu uko kwenye ufa, ndipo ikaniingia kwamba katika ile mitaa yetu sikuwahi kuona mtu mzima mwenye jino lililotibiwa. Niliona mazima na niliona mapengo. Katikati hapakuwa na kitu. Nikaamua langu halitoki. Sikuwa na sababu ya maana zaidi ya kwamba lilikuwa langu, na kwamba kazi yangu hapa duniani naifanyia mdomoni.

Kuamua ni rahisi, panda boda uende hospitali uone. Nilikuwa na kadi ya bima ya jamii, ile ambayo familia nzima inakatiwa pamba ikishauzwa, na nilikwenda nayo asubuhi mbichi kwenye hospitali ya serikali, kwenye mlango ulioandikwa Kinywa na Meno. Nje kulikuwa na benchi, na benchini tumekaa wote kiganja shavuni, ungedhani tunapiga simu. Dada wa dirishani akaniambia meno ni Jumanne na Alhamisi. Jumanne nikaja, daktari kaenda semina. Alhamisi nikaja, daktari yupo, umeme haupo. Nikaja tena, umeme upo, daktari yupo, ganzi imeisha. "Ikija tutawaambia," dada akasema, na mzee mmoja mwenye shavu kama embe akamuuliza, "Mtatuambia kwa njia gani, mayu, mama yangu? Mtapiga kengele?" Nilikuwa nakosa Hisabati kila mara, sitajifanya niliumia kwa hilo. Lakini kila niliporudi nyumbani jino lilikuwa limeongeza sauti.

Siku vitu vyote vilipokubaliana kuwepo, nikaingia ndani, nikakutana na kiti cha kijani kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimekwama kwenye kulala. Ukikaa unajikuta unatazama dari, miguu juu, kama mende aliyepuliziwa dawa. Daktari alikuwa mrefu, mwembamba, koti jeupe lililofuliwa mpaka kola imekuwa laini. Aliitwa Daktari Chidawali.

"Unatoka wapi?"

"Nkololo."

"Ohoo, Wasukuma! Mmekula michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, mpaka meno yameomba poo?"

Kumbe Mgogo. Kwa asiyejua, Wagogo na sisi ni watani tangu enzi za mababu waliopita kwao na mizigo kichwani wakiomba maji. Mtani wako anaweza kukutukana msibani na ukashukuru. Nikasahau jipu, nikamwambia afadhali sisi tunakula, wao wanasubiri wapite watu wawaombe. Akacheka, akagonga jino kwa kijichuma, nikaona nyota za mchana, na utani ukaishia hapo.

"Mshipa umekufa," akasema. "Jino lenyewe zima kiasi, ufa haujafika chini. Lingekuwa la kutibu mzizi. Unasafisha ndani, unaziba, linakaa miaka."

"Basi tibu."

"Sina vifaa. Hapa naweza kung'oa, na kung'oa kadi yako inalipia. Rufaa naweza kukuandikia, lakini mkoani nimeongea nao, mashine ya picha imelala. Watakutuma Mwanza."

"Vifaa si uagize?"

Akavuta kile kigoda chake akakaa. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa na mtu aliye na mdomo wazi. "Naagiza. Wanatazama kazi iliyofanyika hapa, wanaona kung'oa, kung'oa, kung'oa. Wanasema huko watu wanataka kung'oa. Wananiletea koleo. Nikiwa na koleo nafanya nini? Nang'oa." Akachukua sindano ya ganzi. "Na watu wenyewe wanakuja wakisema, daktari, litoe. Wewe unasemaje?"

Nilisema hapana. Kutoka kwenye kile kiti si mchezo, inabidi ujiviringishe kama gunia, kwa hiyo hapana yangu haikuwa na heshima sana. Akanipa dawa za kutuliza usaha, akaninyooshea kidole. "Sikiliza, binti. Uvimbe utashuka, kisha utarudi. Ukirudi umepanda kuelekea jicho, sitakuuliza. Nitatoa jino niokoe kichwa." Nikampigia baba kuhusu Mwanza. Baba akasema labda pamba ikiuzwa, na pamba wakati huo ilikuwa bado ina maua.

Nikirudi nyuma sasa, naona kwamba ile miezi niliishi kama mtu anayefuga nyoka chumbani. Uvimbe ulishuka, nikarudi kuchekesha kidogo, ukapanda, nikanyamaza. Walinichagua niwe mshereheshaji wa mahafali ya kidato cha nne, mwezi wa kumi, kwa sababu ya rekodi yangu ya nyuma, na nikakubali bila kuwaambia kwamba mshereheshaji mwenyewe anaweza kufika bila jino. Nilijaribu kioo cha Zuhura. Nilipaka masizi jino lionekane pengo, nikasimama mbele ya kioo, nikasema "mgeni rasmi". Nikaondoka pale, sikujaribu tena.

Bibi alikuja mjini pamba ilipoanza kupasuka. Alishuka na jogoo, mfuko wa matobolwa, na jino lake mwenyewe linalouma, la nyuma. Jogoo alipewa Mama Zuhura. Matobolwa alinikabidhi kwa mbwembwe, akisema safari hii ameyachambua kama mchele.

"Kesho twende wote kwa huyo Mgogo," akasema akimenya karanga. "Ang'oe la kwangu na la kwako kwa pigo moja."

"La kwangu halitoki."

"Mtoto ana kiburi cha fisi huyu." Halafu akanitazama vizuri, mdomo uliotangulia, jicho linaloanza kubana, naye akaacha kumenya. Ule usiku aliniweka ubavuni kwake kitandani kama nilivyokuwa mdogo, na asubuhi alikuwa amevaa kabla sijaamka.

Benchi lilikuwa limejaa. Bibi akawasalimia wote mwangaluka, mmoja mmoja kwa mkono, na kufika mwisho wa benchi alikuwa ameshajua mwenye ng'ombe mgonjwa na mwenye mkwe mkorofi. Zamu yetu ilipofika tukaingia wote wawili. Daktari Chidawali alikuwa amevua koti kwa joto, ameliangika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Bibi wa Nkololo!" akasema, maana walijuana tangu mimi nikiwa mchanga, na meno ya bibi yaliishia kwake. "Umebakiza mangapi?"

"Nikuulize wewe uliyeyaiba. Kwenu Dodoma mnayafanyia nini, mnachanganya na mlenda?"

"Tunawauzia Wasukuma wanaotafuna mawe."

Mlango ulikuwa wazi, benchi zima linasikiliza, mikono imeshuka mashavuni. Bibi akapanda kwenye kiti, akalala kama malkia, likatolewa lile la nyuma. Halikuchukua muda. Akajiviringisha akashuka, pamba imejaa shavuni. "Pamba yetu wenyewe," akasema kwa shida, "tunaiuza kwa kilo, inarudi kwa vipande." Daktari akacheka. Kisha bibi, pamba ikiwa bado mdomoni, akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Haya ya kwangu uliyotoa. Yote yalikuwa ya kutoka?"

Daktari akawa anaosha mikono. Angeweza kusema ndiyo, na sisi tungejuaje? "Si yote, bibi," akasema. "Mengine yangepona. Lile la mbele lingepona."

Nilimtazama bibi yangu, ambaye utoto wangu wote nimemwona akicheka na fizi tupu mbele, ambaye alinifanya niamini kwamba mapengo ni sehemu ya uzee kama mvi. Akapeleka kidole mdomoni, akaligusa lile pengo, pole pole, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba aliyohama.

"Hukuniambia," akasema.

"Hukuuliza. Na sikuwa na la kukupa."

Bibi akatikisa kichwa. Halafu akaenda nyuma ya mlango, akalichukua lile koti jeupe kwenye msumari, akalivaa juu ya kitenge chake, akafunga vifungo.

"Nimekukamata," akasema.

Benchi lilipiga yowe. Watani wakikamata kitu chako, umeshikwa. Huwezi kunyang'anya, huwezi kukasirika, unakikomboa kwa kile wanachotaka mbele ya mashahidi, na mashahidi walikuwa wamejaa mlangoni wakisahau meno yao. Yule mzee wa shavu la embe akatangaza kwa nje, "Daktari amekamatwa!"

"Bibi, hilo ni koti la serikali!"

"Basi serikali ije Nkololo ilichukue. Wewe utalikomboa kwa jino la huyu. Lisitoke, ulitibu. Likipona, njoo uchukue koti lako, nitakuchinjia kuku."

"Na vifaa?"

"Mimi nimekamata koti. Vifaa vinanihusu nini?"

Akatoka nalo. Akapanda boda nalo mpaka stendi, akarudi kijijini nalo, na msimu wote wa kuvuna alivaa koti la daktari shambani. Mifuko yake ni mikubwa, alisema, inafaa kwa pamba. Ukipita barabarani ulimwona katikati ya weupe, naye mweupe, watoto wanamwita Daktari, anawaambia wafungue midomo.

Kwa Chidawali sasa balaa likaanza. Alifanya kazi na shati. Kila mgonjwa aliyeingia alimuuliza koti liko wapi, naye kwa sheria za utani ilibidi aseme: limekamatwa na Wasukuma. Kwa nini? Kwa sababu ya jino la mtoto. Jino lina nini? Akaeleza kutibu mzizi. Mganga mfawidhi akamuuliza, akaeleza. Mwenye stoo akamuuliza, akaeleza. Wageni wa wilayani walipita wakamkuta na shati, wakamuuliza, akaeleza, na wote walicheka, ila baada ya kucheka walikuwa wameshasikia. Na benchini watu wakaanza kuuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia pale: daktari, hili langu ni la kutoka au ni la kupona? Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi hakuna aliyemuuliza hivyo, na kwamba siku za kwanza alikuwa anatamani kujificha.

Mimi alinipa tena dawa za kutuliza usaha, uvimbe ukashuka, na mwenyewe hakusubiri stoo. Alimpigia rafiki aliyesoma naye, aliyekuwa Mwanza, yule rafiki akafunga kiboksi cha sindano nyembamba za kusafishia mzizi na chupa ya dawa, akakipakia kwenye basi. Siku kilipofika stendi Chidawali alinifuata mpaka shuleni kwa pikipiki yake. Mkuu wa shule alidhani nimefanya kosa la kiwango kipya.

"Nikuambie ukweli," Chidawali alisema nilipolala kwenye kile kiti. "Sina picha. La nyuma nisingethubutu. La mbele lina mzizi mmoja ulionyooka, naweza kwenda kwa kuhisi. Ukiona nyota, nyanyua mkono."

Sikunyanyua. Mkono wangu ulikuwa na kazi ya kuchuna sponji. Alitoboa kwa nyuma ya jino, na kabla sijaelewa kitu harufu mbaya ikatoka, na pamoja nayo yale maumivu niliyofuga kwa miezi, yote, kama hewa inavyotoka kwenye tairi. Nikalia. Halikuwa linauma tena, ndiyo maana nililia. Akaendelea kusafisha, sindano moja nyembamba, nyingine nene kidogo, jasho linamtiririka kwa sababu feni ilizimika umeme ulipokatika baada ya kutoboa, na taa aliyotumia ilikuwa ya simu, imeshikwa na yule dada wa dirishani aliyekuja kutazama. Akaweka dawa, akafunika. Nikarudi tena, akasafisha tena. Nikarudi, akaziba. Kila niliporudi kulikuwa na mtu mwingine benchini ameambiwa asubiri kiboksi.

Jino likapona kwa namna yake. Liligeuka kijivu, kama jivu la kuni, na mpaka leo ni kijivu. Zuhura aliniuliza kama nitalifanyia kitu. Nikamwambia hili ndilo kitu chenyewe.

Daktari Chidawali alikuja Nkololo kukomboa koti mavuno yalipoisha, Jumapili, amevaa shati la kwendea kanisani. Bibi alinikalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, akanishika kidevu, akanifunua mdomo mbele ya majirani, kama mnunuzi wa mnadani. Akaligonga jino kwa kucha. Akalivuta. Halikutikisika.

"Limeuzwa," akasema.

Kuku alichinjwa. Koti lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mifukoni bibi alikuwa amejaza matobolwa. Chidawali akayatoa moja moja, akayageuza kwenye mwanga akitafuta kokoto, majirani wakavunjika mbavu. "Wabeja, bibi," akashukuru mwishoni kwa Kisukuma chake kibovu. Kisha, kwa sauti ya chini iliyotufikia sisi wawili tu, akamwambia bibi samahani kwa lile la mbele. Bibi akampiga begani na mwiko. "Kula," akamwambia. "Ng'ombe hana meno ya juu."

Mahafali nilisherehesha. Nilisema "jambo la msingi" nikasahau jambo, mkuu wa shule mwenyewe akacheka, na mkono wangu haukwenda mdomoni hata mara moja.

Sitakudanganya kwamba kila kitu sasa ni sawa. Umeme bado unakatika, ganzi bado inaisha, na wa meno ya nyuma bado wanatumwa Mwanza. Lakini vifaa vya mizizi ya mbele vinaletwa sasa, maana kazi hiyo inaonekana inafanyika, na kwenye ule mlango kumeongezwa karatasi yenye maandishi ya Chidawali: Kutibu Mzizi, Alhamisi. Mama Zuhura alimpeleka binti yake, jino la binti lilipoanza kuuma, akakaa naye benchini mpaka mwisho, akarudi akiniambia kwa sauti ya kujisifu, kana kwamba yeye ndiye alilitibu, "Halikutoka." Na wameletewa kiti kipya, kinapanda na kushuka. Ndiyo maana hiki cha zamani kimekuja kuishia hapa, na taulo la bluu.

"Dada, unakaa au hukai?" kinyozi akauliza.

Nikakaa. Kikanilaza kama zamani, miguu juu, macho darini. Mkono wangu wa kulia ukashuka wenyewe mpaka kwenye lile shimo la sponji, vidole vikaingia mahali pao. Na kabla sijajua ninachofanya, nikawa nimefumba macho na kufungua mdomo wote, mpaka mwisho.

Mashine ya kunyolea ikazimwa. "Dada," kinyozi akasema kwa wasiwasi, "mimi nanyoa nywele tu."

Nilicheka mpaka kiti kikalia. Yeye alikuwa ameinama juu yangu ananitazama mdomoni, nikaona ameliona lile la kijivu katikati ya meupe, na kwa kuwa hakuwa anaijua adabu, akauliza, "Hilo lilikuwaje?"

"Washa mashine," nikamwambia. "Nakuhadithia."